Mfumo wa uwashaji wa injini ya petroli

Mfumo wa uwashaji ni sehemu ya injini ya petroli inayotengeneza cheche ya umeme na kuifikisha ndani ya silinda ili ichome mchanganyiko wa hewa na mafuta. Cheche hiyo huruka kwenye ncha ya plagi. Ikikosekana, injini haiwaki hata kama tangi limejaa, betri ni nzima na stata inazungusha vizuri.

Mfumo huu unapatikana katika magari ya petroli, pikipiki, bajaji, jenereta ndogo, pampu za maji na misumeno ya mnyororo. Injini ya dizeli hauhitaji, kwa sababu hubana hewa kwa nguvu hadi ikapata joto la kutosha kuwasha mafuta yanapopulizwa ndani. Plagi zinazoonekana kwenye baadhi ya injini za dizeli ni za kupasha joto silinda asubuhi au wakati wa baridi; hazitoi cheche.

Ili kazi ya mfumo wa uwashaji ikamilike, masharti matatu hutimizwa: cheche iwe na nguvu ya kutosha, itokee kwa wakati wake, na ifike kwenye silinda inayoisubiri. Karibu kila hitilafu ya uwashaji ni kuvunjika kwa sharti mojawapo kati ya hayo. Kwa hiyo anayeielewa njia ya umeme kutoka betri hadi plagi anaweza kuifuata hatua kwa hatua na kukuta mahali ilipokatika. Asiyeielewa hubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Kubahatisha humaliza fedha za mwenye gari, na mara nyingine huacha ugonjwa wenyewe ukiendelea hadi pistoni au ekzosi inapoharibika.

Nafasi ya cheche katika mapigo manne

Injini nyingi za magari na pikipiki hufanya kazi kwa mapigo manne. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa pamoja na mafuta. Katika pigo la pili hupanda na kubana mchanganyiko huo. Cheche hutokea karibu na mwisho wa pigo la pili. Mchanganyiko huwaka, gesi hutanuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hilo ni pigo la tatu, na ndilo pekee linalotoa kazi. Katika pigo la nne pistoni hupanda tena na kutoa moshi.

Mapigo hayo manne huchukua mizunguko miwili ya krenkishafti. Hivyo kila silinda huhitaji cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa kila sekunde. Silinda hazipewi cheche kwa mfuatano wa 1, 2, 3, 4. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa kwa mstari mmoja hufuata mpangilio wa 1-3-4-2, na chache hufuata 1-2-4-3. Waya za plagi zikichanganywa wakati wa matengenezo, cheche huenda kwenye silinda isiyo na zamu: injini hupiga mlio kupitia kabureta au ekzosi, au haiwaki kabisa.

Jinsi volti 12 zinavyogeuka kuwa maelfu

Betri ya gari hutoa takriban volti 12. Kiasi hicho hakiwezi kuruka hata pengo dogo la hewa. Ndani ya silinda kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mchanganyiko uliobanwa huupinga umeme kuliko hewa ya kawaida. Plagi huhitaji maelfu ya volti, na mifumo mingi imetengenezwa iweze kufikia volti 20,000 hadi 40,000.

Kifaa kinachokuza volti hizo ni koili. Ndani yake mna nyaya mbili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Waya wa kwanza ni mnene na una mizunguko michache, kwa kawaida mamia kadhaa. Waya wa pili ni mwembamba sana na una maelfu mengi ya mizunguko, mara nyingi kama mara 100 ya ule wa kwanza.

Mwanafunzi anaweza kufikiri kwamba volti 12 zikizidishwa kwa 100 hutoa volti 1,200 tu, na kwamba hizo hazitoshi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini koili haifanyi kazi namna hiyo. Kwanza mkondo wa ampea chache huachwa upite kwenye waya mnene kwa milisekunde kadhaa, na kujenga uga wa sumaku ndani ya koili. Kisha mkondo hukatwa ghafla. Uga wa sumaku huanguka kwa kasi kubwa mno, na anguko hilo huzalisha volti kati ya 200 na 400 katika waya mnene wenyewe. Volti hizo ndizo huzidishwa na waya mwembamba hadi kufikia makumi ya maelfu. Jambo hili hufanana na maji yanayokwenda kasi ndani ya bomba: mtu akifunga bomba ghafla, maji yaliyokuwa mwendoni hugonga kwa nguvu kuliko presha yake ya kawaida.

Kutokana na hayo kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni kwamba cheche hutokea mkondo unapokatwa, si unapounganishwa. La pili ni kwamba koili huhitaji muda wa kujaa. Betri ikiwa dhaifu, au muda huo ukiwa mfupi mno, uga wa sumaku huwa mdogo na cheche huwa nyembamba. Ndiyo maana gari lenye betri iliyochoka linaweza kuzungushwa na stata bila kuwaka: stata imekula umeme mwingi, na volti zilizobaki hazitoshi kuijaza koili.

Historia

Msingi wa koili uligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831, alipoonyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme ndani ya waya. Mwaka 1860 Étienne Lenoir, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Paris, alitengeneza injini ya gesi iliyowashwa kwa cheche ya umeme. Hata hivyo betri na koili za wakati ule hazikutegemewa sana. Nikolaus Otto wa Ujerumani, katika injini yake ya mapigo manne ya mwaka 1876, alitumia mwali wa moto ulioingizwa kwenye silinda kupitia mlango mdogo. Gottlieb Daimler alitumia bomba dogo la chuma lililopashwa moto kutoka nje hadi likawa jekundu. Karl Benz, aliyepewa hataza ya gari lake mwaka 1886, alichagua umeme wa betri na koili.

Robert Bosch alifungua karakana yake Stuttgart mwaka 1886, na mwaka uliofuata alitengeneza magneto kwa injini ya kusimama mahali pamoja. Magneto ni mashine ndogo inayozalisha umeme wake yenyewe kwa sumaku inayozunguka na injini, bila betri. Mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold alikamilisha magneto ya volti nyingi iliyotumiwa pamoja na plagi. Magari na ndege nyingi za miaka iliyofuata zilitegemea kifaa hicho, na ndege ndogo zenye injini za pistoni bado hukitumia hadi leo kwa sababu hakihitaji betri.

Nchini Marekani Charles Kettering alibuni mfumo wa betri, koili moja na distributa, ambao Cadillac ilianza kuutumia karibu na mwaka 1910. Mfumo huo ulikuwa wa bei nafuu, na ulienea katika magari ya dunia nzima kwa zaidi ya nusu karne. Kuanzia miaka ya 1970 transista ilichukua nafasi ya platini, na baadaye kompyuta ya injini ikachukua nafasi ya distributa.

Aina za mifumo

Mfumo wa platini. Magari ya zamani yaliyotumika sana Afrika Mashariki, kama vile Peugeot 404, Volkswagen Beetle na Land Rover za petroli, yalikuwa na mfumo huu. Platini ni swichi ndogo iliyo ndani ya distributa, inayofunguliwa na kufungwa na mhimili unaozunguka kwa nusu ya kasi ya krenkishafti. Inapofunguka, hukata mkondo wa koili. Kando yake mna kapasita, ambayo mafundi huiita kondensa. Kazi yake ni kupokea umeme unaotaka kuruka kati ya ncha za platini, ili mkondo ukatike ghafla na ncha zisiungue. Cheche ikitoka kwenye koili huingia katikati ya kifuniko cha distributa, na rota huigawa kwa kila silinda kwa zamu. Udhaifu wa platini ni kwamba huchakaa, hivyo pengo lake hubadilika na wakati wa cheche hubadilika pamoja nalo.

Mfumo wa elektroniki wenye distributa. Hapa platini imeondolewa. Sensa ya sumaku hutambua mzunguko wa mhimili na kuiamuru transista ikate mkondo. Hakuna kinachosuguana kwenye swichi, na cheche ina nguvu zaidi. Kifuniko, rota na waya za plagi bado zipo na bado huchakaa.

Mfumo usio na distributa. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, hupokea taarifa kutoka kwa sensa ya krenkishafti na kuamua ni lini kila koili ikatwe. Katika baadhi ya magari koili moja huhudumia silinda mbili. Moja hupata cheche ya kazi, na nyingine hupata cheche isiyo na kazi wakati inatoa moshi.

Koili juu ya plagi. Kila silinda ina koili yake ndogo iliyokaa moja kwa moja juu ya plagi, bila waya ndefu. Magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa tangu miaka ya 2000, yakiwemo mengi ya Kijapani yanayoingizwa Afrika Mashariki yakiwa yametumika, yana mfumo huu.

CDI. Mfumo huu ni wa kawaida kwenye pikipiki ndogo. Badala ya kuhifadhi nishati katika uga wa sumaku wa koili, huihifadhi katika kapasita inayojazwa hadi volti mia kadhaa. Koili ndogo iitwayo pulsa, iliyo kando ya magneto, hutoa ishara. Kapasita humwaga umeme wake wote kwenye koili kwa mara moja na plagi hutoa cheche. Aina moja ya CDI hupata umeme moja kwa moja kutoka kwa magneto, hivyo pikipiki inaweza kuwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Aina nyingine hutegemea betri, na betri ikiisha pikipiki haiwaki. Vifaa vya aina hizi mbili havibadilishani, hata kama umbo la kisanduku na la plagi ya waya linafanana.

Wakati wa cheche

Mchanganyiko hauwaki wote mara moja. Mwali huanza kwenye ncha ya plagi na kusambaa, na hilo huchukua takriban milisekunde 2. Ikiwa injini inazunguka mara 600 kwa dakika, katika milisekunde 2 krenkishafti husogea nyuzi 7 hivi. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, katika muda uleule husogea nyuzi 36. Presha inatakiwa ifike kileleni mara tu pistoni inapoanza kushuka. Kwa hiyo cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu kabisa, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo inavyotangulia zaidi. Mpangilio huu mafundi huuita taimingi.

Katika distributa za zamani kazi hiyo hufanywa na vyuma viwili vyenye springi vinavyotanuka kwa kasi ya mzunguko, pamoja na kifaa kinachovutwa na hewa ya manifoldi ya kuingizia hewa. Katika magari ya kisasa kompyuta hukokotoa upya kila mara. Pia husikiliza sensa inayotambua injini ikianza kugonga, kisha huirudisha cheche nyuma kidogo.

Cheche ikitangulia mno, mchanganyiko hulipuka kabla pistoni haijamaliza kupanda. Dereva husikia mlio wa kugongagonga hasa anapopanda mlima akiwa na mzigo. Hali hiyo ikiachwa iendelee, pistoni inaweza kuyeyuka au kutoboka. Cheche ikichelewa, injini hupoteza nguvu, hutumia mafuta mengi, na moto unaoendelea kuwaka wakati wa kutoa moshi hupasha joto valvu na ekzosi. Petroli yenye kiwango cha okteni kilicho chini ya kile kilichoelekezwa na mtengenezaji huleta kugonga kulekule hata kama taimingi ni sahihi.

Plagi

Plagi ina elektrodi ya katikati iliyozungukwa na kihami cha kauri, na elektrodi ya pembeni iliyounganishwa na mwili wa chuma. Pengo kati ya elektrodi hizo mbili ndipo cheche huruka. Katika mifumo ya platini pengo huwa karibu na milimita 0.6 hadi 0.8; katika mingi ya elektroniki huwa milimita 0.8 hadi 1.1. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari. Pengo likipanuka kwa kuchakaa, volti zinazohitajika huongezeka, na mzigo huo huangukia koili. Plagi iliyochakaa kwa hiyo haijidhuru yenyewe tu. Inaweza kuiua koili nzima kabla ya wakati wake.

Jambo lingine ni daraja la joto. Ncha ya plagi inatakiwa iwe na joto la kutosha kuchoma masizi yanayojikusanya, yaani takriban selsiasi 450 na kuendelea, lakini isifike karibu na selsiasi 900, ambapo ncha yenyewe huwasha mafuta kabla ya cheche. Plagi moto hupoteza joto polepole, plagi baridi hulipoteza haraka. Namba za madaraja hutofautiana kati ya watengenezaji: kwa NGK na Denso namba kubwa humaanisha plagi baridi zaidi, wakati kwa Bosch namba kubwa humaanisha plagi moto zaidi. Anayebadilisha kampuni asilinganishe namba. Atumie jedwali la mtengenezaji.

Rangi ya plagi iliyotolewa husimulia hali ya silinda:

- Kahawia hafifu au kijivu: uchomaji ni mzuri.
- Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria: mafuta ni mengi kuliko hewa, kichujio cha hewa kimeziba, au cheche ni dhaifu.
- Nyeusi na yenye mafuta ya kulainisha: ringi za pistoni au sili za valvu zimechakaa. Plagi mpya itachafuka tena baada ya muda mfupi.
- Imelowa petroli: mafuta yalifika lakini hayakuwashwa.
- Nyeupe, yenye malengelenge au ncha iliyoyeyuka: joto limezidi. Sababu huwa mafuta kidogo, hewa inayovuja kuingia, taimingi iliyotangulia mno au plagi ya daraja lisilofaa.

Plagi za kawaida za nikeli hudumu kwa makumi machache ya maelfu ya kilomita katika gari. Zile za iridi au platinamu zinaweza kufika karibu kilomita 100,000. Kwenye pikipiki, ambazo injini zake ndogo huzunguka kwa kasi kubwa, muda huwa mfupi zaidi. Plagi bandia huuzwa zikiwa na majina ya kampuni zinazojulikana. Ishara za kuzitilia shaka ni maandishi yaliyofifia, nyuzi za skrubu zenye makwaruzo, elektrodi iliyokaa upande na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine.

Matengenezo

Betri na nyaya zake hukaguliwa kwanza. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani husafishwa na kukazwa, na waya unaounganisha betri na bodi pamoja na injini huhakikishwa kuwa haujalegea. Umeme husafiri kwa mzunguko kamili, hivyo njia ya kurudi ni muhimu sawa na njia ya kwenda.

Plagi hutolewa injini ikiwa imepoa, kwa kuwa nyuzi za kichwa cha aluminiamu huharibika kwa urahisi zikiwa na joto. Kabla ya kuilegeza, vumbi na mchanga ulio kwenye shimo lake hupulizwa ili usianguke ndani ya silinda. Plagi mpya huanzwa kwa mkono, si kwa spana. Ikigoma kuzunguka kwa vidole, imeingia upande na hutolewa ianzwe upya. Ikishakaa, plagi mpya ya milimita 14 yenye washa hukazwa kwa takriban nusu mzunguko, na ile yenye mwegemeo wa mteremko bila washa hukazwa kwa sehemu ndogo tu ya mzunguko, kama moja ya kumi na sita. Kuikaza kupita kiasi huvunja nyuzi za kichwa cha injini, na marekebisho yake yana gharama kubwa kuliko plagi zote.

Plagi za iridi hazisuguliwi kwa brashi ya chuma wala pengo lake halipanuliwi kwa bisibisi, kwa sababu ncha yake ni nyembamba na huvunjika.

Waya za plagi huvutwa kwa kushika kofia yake, si waya wenyewe. Usiku au mahali penye giza, waya uliopasuka huonyesha mwanga wa buluu ukirukia kwenye chuma. Kifuniko cha distributa hukaguliwa ndani kama kina nyufa au mistari myeusi ya kaboni, ambayo umeme huigeuza kuwa njia ya mkato. Platini husafishwa na kupangwa kwa fila geji, kwa kawaida milimita 0.4 hadi 0.5, na baada ya hapo taimingi hupimwa tena kwa taa maalumu.

Kuosha injini kwa maji ya presha ni chanzo cha hitilafu nyingi. Maji huingia kwenye mashimo ya plagi, kwenye distributa na kwenye viungio vya sensa. Mafuta yanayovuja kutoka kwenye kifuniko cha valvu na kujaa katika mashimo ya plagi huharibu mpira wa koili pia. Katika hali hiyo gasketi hubadilishwa kwanza, la sivyo koili mpya itaharibika kama ya zamani.

Kutafuta hitilafu

Kazi hufanywa kwa mfuatano, kuanzia jambo rahisi.

1. Injini haizungushwi na stata. Hapo tatizo ni betri, nyaya zake au stata, wala si cheche.

2. Injini inazunguka lakini haiwaki. Huulizwa kama kuna petroli, kisha kama kuna cheche. Cheche hupimwa kwa kifaa cha kupimia, au kwa plagi nzima iliyounganishwa na waya wake huku mwili wake ukigusana vizuri na chuma cha injini. Cheche nzuri ni ya buluu na hutoa mlio. Ya njano au nyekundu na nyembamba ni dhaifu.

3. Hakuna cheche kwenye silinda yoyote. Hitilafu iko mahali panapozihudumia silinda zote: fyuzi, swichi ya ufunguo, umeme unaofika kwenye koili, platini, kondensa, sensa ya krenkishafti, CDI au kompyuta. Voltimita au taa ya majaribio huonyesha kama volti 12 zinafika kwenye koili swichi ikiwa imewashwa. Zikifika, tatizo liko kwenye kukata mkondo au kwenye koili. Zisipofika, hufuatwa waya kurudi nyuma hadi kwenye betri.

4. Silinda moja tu haichomi. Mafundi husema gari linamisi. Hitilafu iko mahali panapoihudumia silinda hiyo peke yake. Katika gari lenye koili juu ya plagi, koili ya silinda hiyo hubadilishana nafasi na ya jirani. Kwa mfano, kifaa cha kusomea kompyuta kikionyesha msimbo P0302, silinda ya 2 haichomi. Baada ya kuihamishia koili yake silinda ya 3, msimbo ukigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Msimbo ukibaki P0302, huhamishwa plagi; na ikiwa bado haujahama, hukaguliwa injekta na presha ya silinda. Jaribio hilo halihitaji kununua kipuri hata kimoja.

5. Injini huzima ikipata joto na kuwaka tena ikipoa. Koili, sensa ya krenkishafti au CDI mara nyingi hukatika ndani waya unapotanuka kwa joto. Upimaji hufanywa wakati injini imezima, kabla haijapoa.

6. Injini husumbua wakati wa mvua tu. Hukaguliwa waya, kofia za plagi na kifuniko cha distributa.

Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwakawaka badala ya kuwaka moja kwa moja, maana yake ni kwamba petroli nyingi inapita bila kuchomwa. Petroli hiyo huwaka ndani ya katalisti, chombo cha kusafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, na kuyeyusha kauri yake. Dereva apunguze mwendo na mzigo, na gari lirekebishwe mapema. Koili moja ni rahisi kuliko katalisti.

Usalama

Umeme wa koili unaweza kumwangusha mtu au kumfanya arudishe mkono kwa ghafla kwenye feni na mikanda inayozunguka. Kisanduku cha CDI na koili za kisasa hutoa nishati kubwa kuliko mifumo ya platini. Mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie mfumo wa uwashaji injini inapofanya kazi.

Desturi ya zamani ya kuchomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inawaka, ili kusikia silinda ipi haichomi, haifai kwa magari ya kisasa. Umeme unaokosa njia hutafuta njia nyingine, na huweza kutoboa kihami cha koili au kuunguza transista. Katika kupima cheche, plagi hutakiwa daima kugusana na chuma.

Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo kabisa. Kabla ya kupima, petroli iliyomwagika hufutwa, kabureta na mipira yake hukaguliwa kama inavuja, injekta huchomolewa nyaya zake, na plagi inayopimwa huwekwa mbali na shimo la silinda lililo wazi. Kizima moto au ndoo ya mchanga mkavu huwekwa karibu. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu yake na kuendelea kuwaka.